Kopo la Kunenepesha na Sahani ya Sombe

Kosa langu la mwanzo lilikuwa hili: nilisoma kwenye kopo kwamba kilichomo ndani si dawa, nikaamini kwamba kisichokuwa dawa hakiwezi kumdhuru mtu. Naliweka hapa juu kabisa ili msomaji asianze kunihurumia kabla hajajua. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, maana wakati ule wa vita karibu kila kitu kilichouzwa Bunia, mashariki mwa Kongo, kilitoka Uganda, nami Kiingereza sikukisoma shuleni. Nilijifundisha kwa kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada, neno kwa neno, kama nilivyojifundisha kutengeneza redio. Nilikaa na lile kopo mchana mzima. Nilitafsiri hata maneno madogo ya chini, yale ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Si dawa, ni chakula cha nyongeza. Nikajisifu. Nikajiambia kwamba kati ya wote wanaobugia vidonge vya sokoni mjini humu, mimi peke yangu nimesoma.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mrefu na mwembamba. Mahali pengine hilo ni umbo tu. Kwetu, wakati ule, lilikuwa kitambulisho ambacho huwezi kukiacha nyumbani. Jamaa zangu ni watu wa ng'ombe, na wapiganaji wa upande wa pili walikuwa wakitutambua kwa macho: urefu, pua, mashavu yaliyoingia ndani. Walikosea mara nyingi. Watu wa upande wetu nao walifanya vivyo hivyo kwa wenzao, wakakosea vilevile.

Siku moja nilipanda lori kwenda machimbo ya Kilo na mfuko wa redio za wachimba dhahabu nilizokuwa nimezitengeneza. Njiani tulikuta bariyeri: gogo lililolazwa barabarani, na vijana wenye bunduki.

"Weye murefu, shuka."

Nikashuka.

"Piga magoti."

Nikapiga.

"Ona, hata mu magoti iko murefu," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Dereva wetu, mtu mnene aliyekuwa haogopi kusema uongo, akatoa kichwa dirishani. "Kaka, muache huyu. Ni fundi. Redio ya mukubwa wenu iko ndani ya mufuko yake. Ikikosa sauti leo, weye ndiye utamuimbia?"

Hakuna redio ya mkubwa yeyote iliyokuwamo. Yule kijana alifungua mfuko, akachagua redio iliyo nzuri kuliko zote, akaiweka begani kama yake. Kisha akanitazama kuanzia juu hadi chini, kazi iliyomchukua muda.

"Enda. Lakini siku ingine usipite hapa na urefu hii."

Mtu mwingine angeyachukua maneno hayo kama matusi, akayatemea mate. Mimi niliyachukua kama agizo. Nikionyeshwa kasoro sipumui mpaka niirekebishe. Redio inayokwaruza kidogo tu huifungua tena hata kama mwenyewe ameridhika. Nilirudi Bunia nikiwa sina hasira na yule kijana. Hasira yote niliutupia mwili wangu. Urefu nisingeweza kuupunguza. Nikaona ninaweza kuongeza upana.

Katika soko la Nyakasanza kulikuwa na mwuzaji mwenye meza ya sabuni, betri na makopo yenye picha ya mwanamume mwenye shingo ya ng'ombe dume.

"Hii inafanya nini?" nikamwuliza.

"Inanenepesha. Inaanza na uso."

"Uso kweli?"

"Si uniangalie miye?"

Nilimwangalia. Uso wake ulikuwa wa mviringo kama sahani. Ulikuwa wa mviringo hivyohivyo tangu tukiwa watoto wa mtaa mmoja. Nilijua, na bado nikanunua.

Vidonge vilikuwa vya kahawia, vikinuka majani makavu. Kopo lilisema kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nikafikiri: kama kimoja kinanenepesha polepole, viwili vitaharakisha, na kwa kuwa ni chakula, nani amewahi kudhurika kwa kuongezewa chakula? Sikuacha kumeza hata siku moja. Nilikuwa na uzi wa kupimia uso, kutoka sikio hadi sikio kupita chini ya pua, na kila nilipoona fundo limesogea kidogo nilifurahi kwa siri. Kopo nililificha ndani ya gamba la redio iliyokufa. Hakuna aliyejua. Ningemwambia nani kwamba ninataka kubadilisha sura ili wauaji wasinijue? Hata kulifikiria jambo hilo kwa sauti kulinitia aibu.

Nilikuwa ninakaa kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa, ambaye katika kiwanja chake alikuwa na chumba kimoja cha kupangisha. Mpangaji alikuwa mama mjane kutoka upande wa Gety, mwuza mboga na muhogo. Zamani kutoka Gety ilikuwa habari ya njiani tu, kama kutoka mahali pengine popote. Sasa ilikuwa hukumu. Wa kwao ndio waliokuwa wakipigana na wa kwetu. Yeye alikuwepo kabla ya vita, hakuwa na pa kwenda, na yaya alisema wazi kwamba hamfukuzi kwa sababu ni mtulivu. Hakuwa mtulivu hata kidogo.

"Nguzo, inama," aliniambia kila nilipopita mbele ya chumba chake. "Utabomoa mulango yangu."

"Mulango si yako. Ni ya yaya yangu."

"Basi mubomoe wote wawili, muniachie mimi nyumba."

Sikumpenda, naye hakunipenda. Alisema redio zangu zinapiga kelele bila kusema kitu. Mimi nilisema moshi wake unaharibu nyaya. Siku moja, akiwa ameshajitwisha mboga za sokoni, alitoka na sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na bonge la bukari, yaani ugali, akaiweka juu ya meza yangu katikati ya bisibisi.

"Kula. Kukuangalia tu kunatia mutu njaa."

Akaondoka. Kwetu anayekupa chakula au kinywaji huonja kidogo mbele yako kwanza, na wakati wa vita desturi hiyo ilikuwa imekaza kuliko sheria yoyote. Yeye hakuonja, alikuwa na haraka. Nilikula yote. Chochote cha kunipanua wakati ule ningekila. Tangu siku hiyo aliniletea mara kwa mara, kila mara na tusi jipya.

Kwanza nilianza kuchukia harufu ya mafuta. Kisha nilichoka, uchovu wa kushindwa kushika kifaa cha kulehemu. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ngozi iliwasha kuanzia viganja, ikapanda, nikajikuna mpaka damu. Na mimi, kwa akili yangu, nikazidisha vidonge, maana niliona ninakonda badala ya kunenepa, nikadhani sijafanya vya kutosha.

Yaya ndiye aliyeona macho. Alinishika kidevu mlangoni, penye mwanga.

"Mungu wangu. Macho yako iko kama kiini ya yai."

Akanipeleka kituo cha afya. Mwuguzi, ambaye sote tulimwita muganga, alikuwa na foleni ya majeruhi na hakuwa na uvumilivu kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake.

"Unakunywa dawa gani?"

"Hakuna."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna, muganga."

Sikuona kwamba ninasema uongo. Nilikuwa nimetafsiri mwenyewe: si dawa. Na kama ningetaja kopo, angeuliza la nini. Akaandika kwinini ya malaria, akaongeza parasetamoli ya homa ambayo sikuwa nayo, akaita mwingine. Nilimeza vyote pamoja na vidonge vyangu. Macho yalizidi umanjano.

Wanawake wa mtaa walipoanza kupita kunitazama, swali lao halikuwa ninaumwa nini. Yaya aliniuliza kwa niaba yao, akiwa amesimama nao nyuma yake.

"Ulikula kwa nani?"

"Hapa nyumbani."

"Na kwingine?"

Nikasema, "Kwa ule mama mara moja moja. Sombe."

"Alionja mbele yako?"

"Hapana."

Sikusema neno sumu. Ninajua hivyo, na nilijitetea kwa jambo hilo kwa muda mrefu. Lakini nilijua vizuri nilichokuwa ninawapa. Niliona jinsi walivyotazamana. Ningeweza kuongeza sentensi moja tu, kuhusu kopo. Nilinyamaza, nikajikuna.

Alasiri hiyohiyo uwanja ulijaa. Mama mjane alikuwa ameketi mlangoni pake akimenya muhogo, nao walimsimamia kwa nusu duara. Shefu wa avenyi yetu, yaani mkuu wa mtaa, mzee mwenye koti la suti na ndala, alikuja kwa kuitwa. Jirani mmoja, fundi baiskeli ambaye nduguye alikuwa ameuawa barabarani, ndiye aliyesema kwa sauti kuu.

"Umemupa mutoto wetu sumu. Sema kabla sijaenda kuita vijana."

Kila mtu alijua vijana gani: wapiganaji wa upande wetu. Wakija hawaulizi tena swali la pili.

"Mutoto?" mama akasema bila kuacha kumenya. "Ule mutoto anagusa mabati na kichwa."

"Usicheke hapa!"

"Nani anacheka? Nilimupa sombe. Mimi na yeye tulikula chungu moja."

"Juu ya nini hukuonja?"

"Juu nilikuwa na haraka! Munataka nionje sasa? Lete. Nitakula mpaka munione nikilala."

Alisema kwa kiburi, lakini kisu kilikuwa kimemtoka mkononi na hakukiokota. Fundi baiskeli akageuka kuelekea njiani. Akitoka pale, mama huyo amekwisha. Na alikuwa anatoka.

Nilikuwa nimeegemea mlango wa yaya. Sitajipamba kwamba ni upendo ulionisukuma. Nilikuwa bado ninamchukia. Ilikuwa kitu kingine: nilijua kwamba kazi yao ni mbovu, kwamba wamefungua redio isiyokuwa na kosa, na nilijua hivyo kwa sababu kosa nilikuwa nalo mimi chumbani. Niliingia, nikafungua gamba, nikatoka na kopo.

"Kuna kitu ingine ninakunywa," nikasema.

Fundi baiskeli alirudi, akalipokea, akalitikisa. "Hii ni vitamini. Shemeji yangu anakunywa hii. Vitamini haiuwe mutu."

"Ninakunywa nyingi. Asubuhi na jioni. Nimeongeza."

"Juu ya nini?" yaya akauliza. Alikuwa amekunja uso kama aliyeibiwa. "Mimi ninakunyima chakula?"

Nikatazama chini. Watu wote wa avenyi walikuwepo. "Ninataka uso inenepe. Ili ku bariyeri wasinijue."

Kisha mtu nyuma akasema, "Alitaka kuwa mufupi na vidonge!" na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka shefu akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Na miguu je? Umeinunulia kopo gani?" mwanamke mmoja akauliza. Nilisimama pale na macho yangu ya yai nikachekwa kuliko nilivyowahi kuchekwa maishani. Fundi baiskeli peke yake hakucheka.

"Maneno ya kopo hiyo sijui," akasema. "Ule mama hakuonja. Hiyo ndiyo ninajua."

Mama wa Gety akainua kichwa. "Na ule mwenye kumuuzia kopo," akasema, "yeye alionja?"

Shefu akakohoa, akasema basi tuone: mgonjwa aache kopo, aache pia chakula cha mama, tungoje. Watu wakaitikia kwa vichwa, uamuzi mzuri wa watu wazima. Nami, mgonjwa, mwenye aibu, niliyetakiwa kunyamaza, nikashindwa kuvumilia ubovu wake.

"Hapana, shefu. Mukiondoa vyote viwili hamutajua. Redio ikikwaruza, fundi anabadilisha kipande kimoja, anasikiliza. Akibadilisha viwili, hajui kosa ilikuwa wapi. Ninaacha kopo. Chakula yake ninaendelea kula."

"Ukikufa?" fundi baiskeli akauliza.

"Basi utakuwa umepata jibu yako."

Nilisema hivyo kwa ukali, bila kufikiri kwamba nilikuwa nimeweka maisha ya mtu mwingine juu ya macho yangu. Mama alifikiri. Nilimwona akinitazama kama anayetazama mti ulioegemea nyumba yake.

Kesho yake yaya alinirudisha kituo cha afya, akaliweka kopo mbele ya muganga. Akasoma, akalisukuma.

"Nilikuuliza!"

"Uliuliza dawa. Hii si dawa."

"Weye fundi redio, ini yako inajua Kiingereza?" Alikuwa amekasirika kweli. "Kila kitu inapita mudomo, ini ndiyo inasafisha. Ini haisome kopo." Akanikandamiza chini ya mbavu za kulia nikapiga kelele. Akasema hajui kuna nini ndani ya vile vidonge, na hakuna mtu katika mji huu anayeweza kujua. Ini langu limeumia, huenda ni hivyo vidonge, huenda ni kitu kingine; angeweza tu kuniambia niviache, niache na parasetamoli, nisinywe pombe, na tungoje. Wengine hupona. Nikianza kusinzia mchana au kusema maneno yasiyoeleweka, yaya anikimbize hospitali hata kama risasi zinalia. Kwamba ni wengine tu wanaopona, si wote, sikumwambia mama wa Gety.

Hivyo ndivyo ulivyoanza mlo wa chuki kuliko yote niliyowahi kula. Kila mchana mama alitoka na sahani, akasimama mbele ya majirani waliokuwa wamejipa kazi ya kushuhudia, akachota kijiko cha kwanza, akatafuna huku amewakazia macho, akameza, akafungua mdomo waone. Kisha akanisukumia sahani. Mafuta yalinitapisha, kwa hiyo alipika bila mafuta, akinung'unika.

"Sasa nimekuwa mupishi wako. Hata marehemu bwana yangu hakukataa mafuta."

"Sikukuomba."

"Kula. Na ukitapika, tapika mbele yangu, si mbele ya ule wa baiskeli."

Asubuhi wanawake walinivuta uwanjani penye jua, wakanishusha ukope kwa vidole vyenye unga, wakabishana. "Iko vilevile." "Hapana, iko imepungua." "Weye macho yako ndiyo mabaya." Mama hakuja kutazama. Alibaki mlangoni pake, mgongo umetugeukia, na mikono yake ilisimama mpaka mtu aseme. Kuna asubuhi walisema yamezidi. Siku hiyo fundi baiskeli alikaa kwenye kiti chake mbele ya lango letu tangu mapema, hana tairi mkononi. Mama alileta sahani kama kawaida, lakini kijiko kiligonga meno yake alipoonja.

Nilikula nikiomba. Sikuomba kwa ajili yangu. Nilishangaa nilipogundua hivyo, na sikupenda.

Mkojo ndio uliotangulia kubadilika. Nilikimbia kumwambia, kabla hata ya yaya.

"Mama, mukojo imekuwa nyeupe!"

"Unaniletea habari ya mukojo wakati ninasonga bukari?" Lakini aliketi chini ghafla, kwenye vumbi, mwiko bado mkononi.

Mwasho ulifuata kupungua, kisha macho yakapauka polepole, kama shuka inayofuliwa mara nyingi. Ikafika asubuhi ambayo wanawake hawakubishana. Shefu aliletwa, akanishusha ukope mwenyewe, akasema, "Bon," yaani vizuri. Hilo ndilo lilikuwa neno lote la hukumu. Fundi baiskeli alichukua kiti chake akarudi kwake. Hakuna aliyemwomba mama msamaha, na mimi nilipojaribu alinikatiza.

"Ungesema siku ile ya kwanza. Sasa unaniambia ya nini? Kuanzia leo pika mwenyewe."

Shefu alimwambia anaweza kukaa. "Nakaa na nani?" akamwuliza. Lori lilipopatikana la kwenda upande wa Gety, akafunga vitu vyake. Alishindwa kuinua godoro hadi juu ya mzigo, akatazama huku na huku, akaniona.

"Njoo, nguzo. Urefu yako ifanye kazi hata mara moja."

Nikainua, nikafunga kamba, nikajaribu fundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika mpaka akaniambia nishuke. Hakuniaga. Baadaye mji uligawanyika kabisa na barabara ile ikafungwa. Sikupata kujua kama alifika.

Ningali mrefu, ningali mwembamba. Simezi tena kitu cha kopo, na mtu akiniuliza ninakunywa nini, ninataja kila kitu, hata majani ya chai. Na nikiulizwa nilikula kwa nani, ninasema yote.